Pikipiki Mpya Ikiwa na Kasoro: Haki za Mnunuzi na Njia ya Kuzidai

Pikipiki si chombo cha anasa tena. Ndiyo ichukuayo maziwa alfajiri kutoka zizini hadi kituo cha kupozea, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku, na ndiyo impatiayo kijana wa bodaboda chakula cha watoto wake. Mkulima aweza kuuza ng'ombe wawili au kuweka akiba ya mazao ya misimu mitatu ili ainunue. Kwa hiyo pikipiki mpya ikianza kutoa moshi wa buluu kabla ya mwezi kwisha, au gia zikakataa kuingia, hasara si ya chuma peke yake. Ni hasara ya mali ya nyumba nzima.

Watu wengi wapatwapo na jambo hili hufanya moja kati ya mawili. Wengine humwendea fundi wa kando ya barabara, wakalipa fedha zao wenyewe, na kusema kwamba hiyo ni bahati mbaya. Wengine huenda dukani wakagombana na muuzaji kwa maneno makali, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Njia zote mbili hazina faida. Sheria ya Kenya inampa mnunuzi haki zilizo wazi, lakini haki hizo zina masharti yake, na kubwa kuliko yote ni wakati. Anayenyamaza huku akiendelea kuipanda pikipiki hupunguza haki yake kila siku ipitayo.

AHADI MBILI, SI MOJA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mnunuzi wa pikipiki mpya huondoka dukani na ahadi mbili, ijapokuwa huona karatasi ya ahadi moja tu.

Ahadi ya kwanza ni ile iliyoandikwa katika kijitabu cha dhamana. Hii hutolewa na kiwanda, au na kampuni iletayo pikipiki za kiwanda hicho nchini. Ni ahadi ya hiari: kiwanda chenyewe ndicho kilichochagua maneno yake, muda wake na mipaka yake. Kwa kawaida husema kwamba sehemu iliyotengenezwa vibaya itatengenezwa au itabadilishwa bure kwa miezi kadhaa, au mpaka pikipiki itimize idadi fulani ya kilomita, lolote litakalotangulia. Maneno hayo ya mwisho yafaa kuangaliwa sana na mtu wa bodaboda. Yeye huweza kwenda kilomita mia moja na zaidi kwa siku, na kilomita zake zitakwisha zamani kabla ya miezi kwisha.

Ahadi ya pili haikuandikwa katika kijitabu chochote. Hiyo imewekwa na sheria, na mwenye kufungwa nayo ni muuzaji aliyepokea fedha. Hata kama kijitabu kimepotea, au muda wake umekwisha, ahadi ya sheria haifi kwa sababu hiyo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa muuzaji huwaambia, "Mambo ya kasoro si yangu, nendeni kwa kiwanda," nao humwamini. Mkataba wa kuuziana ulifanywa baina ya mnunuzi na duka, na duka ndilo la kujibu kwanza.

Jambo hili liliamuliwa vizuri katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka wa 1987. Mtu mmoja alinunua gari jipya la Range Rover, nalo likawa na kasoro katika injini, katika gia na katika bodi. Muuzaji alitaka kujikinga kwa kusema kwamba gari lilikuwa na dhamana ya kiwanda, na kwamba kwa hali yoyote liliweza kwenda barabarani. Majaji walikataa. Walisema dhamana ya kiwanda ni nyongeza ya haki za mnunuzi, wala haiwezi kuzipunguza. Tena walisema kwamba anunuaye kitu kipya cha bei kubwa hanunui uwezo wa kutoka mahali hata mahali tu. Ana haki ya kutazamia kitu cha kutegemewa, chepesi kuendesha, na kisichomtia aibu kwa sura yake. Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu za Uingereza, lakini huzitazama kwa heshima katika mambo ya biashara, kwa sababu sheria yetu ya kuuziana ilichukuliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1893.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria yetu hiyo ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Kifungu cha 16 chataja mambo mawili yampasayo mnunuzi kuyajua.

La kwanza ni ubora. Mtu akinunua kitu kwa maelezo yake kutoka kwa mfanyabiashara auzaye vitu vya namna hiyo, kitu hicho lazima kiwe na ubora wa kufaa kuuzwa sokoni. Pikipiki mpya ambayo fremu yake ina ufa mahali pa kulehemu, au ambayo injini yake inakula oili, haina ubora huo. Lakini kuna sharti: ikiwa mnunuzi aliikagua pikipiki kabla ya kununua, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Aliyeizunguka pikipiki dukani, akaona taa imevunjika, kisha akalipa bila kusema neno, amejifungia mlango mwenyewe. Aliyekuta pistoni mbovu ndani ya injini hana lawama, maana hakuna mnunuzi afunguaye injini dukani.

La pili ni kufaa kwa kazi. Mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia pikipiki, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wake, basi pikipiki lazima ifae kwa kazi hiyo. Lakini akitaja tu jina la kiwanda na namba ya aina, "Nipe ile," muuzaji aweza kusema kwamba mnunuzi alichagua mwenyewe kwa jina la biashara. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka wa 1925, mtu alimwambia muuzaji kwamba anataka gari la starehe lifaalo kwa safari ndefu. Akapewa Bugatti, gari la mwendo mkali lisilo na starehe aliyoitaka. Muuzaji alijitetea kwamba gari liliuzwa kwa jina lake, lakini Mahakama ya Rufani ilimpa haki mnunuzi, kwa sababu alikuwa ameeleza shida yake na kutegemea neno la muuzaji. Fundisho lake ni rahisi. Mkulima na amwambie muuzaji, na aombe iandikwe katika karatasi ya mauzo: "Kwa kuchukua maziwa lita 80 kila siku, njia ya milimani." Mstari huo mmoja una thamani kubwa siku ya mashauri.

Tangu mwaka wa 2010, Katiba ya Kenya yenyewe, katika kifungu cha 46, yasema kwamba watumiaji wa bidhaa wana haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha, kupata habari za kutosha juu yake, kulindwa afya, usalama na mali yao, na kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yaletwayo na kasoro. Kisha ilitungwa Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa, Nambari 46 ya mwaka wa 2012, iliyoanza kazi mwaka wa 2013. Sheria hiyo yatia nguvu ahadi ya ubora, na yakataza ujanja uliokuwa ukitumiwa zamani na maduka mengi, yaani kuandika kwa herufi ndogo kwamba muuzaji hahusiki na kasoro yoyote. Maneno ya kumnyang'anya mtumiaji ahadi aliyopewa na sheria hayana nguvu, hata kama alitia sahihi chini yake. Maandishi ya ukutani yasemayo "Mali ikishauzwa hairudishwi" yasimtishe mtu mwenye pikipiki mbovu.

CHELEWA CHELEWA UTAMKUTA MWANA SI WAKO

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Mnunuzi aliyepata pikipiki yenye kasoro kubwa aweza kudai moja katika haki mbili. Ya kwanza ni kuikataa pikipiki, kuirudisha na kudai fedha zote alizolipa. Ya pili ni kubaki nayo na kudai fidia, yaani tofauti baina ya thamani ya pikipiki nzima na thamani ya ile aliyopewa, pamoja na hasara nyingine zilizotokana na kasoro.

Haki ya kuikataa ndiyo kubwa zaidi, nayo ndiyo ipoteayo upesi. Sheria yasema kwamba mnunuzi amekwisha kuikubali bidhaa akimwambia muuzaji kwamba ameikubali, au akiifanyia jambo lisiloweza kufanywa ila na mwenye mali, au akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila ya kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa. Akishaikubali, kurudisha hakuna tena. Imebaki fidia tu. Sheria yetu haikuweka hesabu ya siku. Yategemea kila shauri, na ndiyo sababu mwenye busara hangoji.

Ubaya wa kungoja ulionekana katika kesi nyingine ya Uingereza ya mwaka huo huo wa 1987. Mtu alinunua Nissan mpya. Baada ya majuma matatu hivi, gari likiwa limekwenda maili 140 tu, yaani kilomita 225 hivi, injini ilikwama katika barabara kuu. Tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeingia katika njia za oili. Jaji alikubali kabisa kwamba gari lile halikuwa na ubora wa kuuzwa. Hata hivyo alisema kwamba majuma matatu yalitosha kulijaribu gari, kwa hiyo mnunuzi alikwisha kulikubali. Badala ya kurudishiwa bei, alipata fidia ndogo tu. Hukumu ile ililaumiwa na wengi kwa ukali wake. Baadaye Waingereza walibadili sheria yao, na tangu mwaka wa 2015 mtumiaji wa huko amepewa siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Kenya haijaweka siku kama hizo, na mnunuzi wa hapa hana budi kujihadhari.

Kuna fundo jingine. Katika sheria hii ya zamani, mtu akichagua dukani pikipiki moja mahsusi, ile ile aliyoiona kwa macho, nayo ikawa mali yake papo hapo, wakili wa muuzaji aweza kudai kwamba haki ya kuirudisha ilikwisha wakati ule ule, ikabaki fidia tu. Dawa yake ni kuandikiana. Kabla ya kulipa, mnunuzi na aombe sentensi hii iingizwe katika mkataba: "Kasoro kubwa ikionekana ndani ya siku thelathini, mnunuzi aweza kuirudisha pikipiki na kurudishiwa fedha zake zote." Muuzaji mwenye kuamini mali yake hataogopa kuandika hivyo. Akikataa kabisa, hiyo nayo ni habari njema kuipata kabla ya kutoa fedha.

YASIYOKUWA KASORO

Haki ina pande mbili, na si kila ubovu ni kosa la kiwanda. Tairi, cheni, plagi, viatu vya breki na sahani za klachi ni vitu vya kulika. Huchakaa kwa kutumiwa, na kwa kawaida dhamana ya kiwanda haivihusu, isipokuwa kama viliharibika kwa sababu vilitengenezwa vibaya. Kwa pikipiki za umeme, betri huweza kuwa na dhamana yake peke yake, au ikawa si mali ya mnunuzi bali ya kampuni ibadilishayo betri. Yafaa kuuliza kabla ya kulipa.

Sababu itumiwayo sana kukataa madai ni kwamba mwenyewe hakuitunza pikipiki. Injini mpya yataka kulainishwa. Pete za pistoni na kuta za silinda zinaposuguana kwa mara ya kwanza, vichembe vidogo vya chuma hutoka na kuingia katika oili. Ndiyo sababu kijitabu huagiza mwendo wa pole mwanzoni, na oili ya kwanza kumwagwa mapema kuliko zile zifuatazo. Asiyefanya hivyo huacha vichembe vile viendelee kuikwaruza injini, na fundi wa kampuni ataviona. Mwenye pikipiki na apeleke chombo chake katika huduma zote za mwanzo kwa wakati uliotajwa, na ahakikishe kijitabu kimepigwa muhuri kila mara.

Sababu ya pili ni kupakia kupita kiasi. Sheria ya barabara yaruhusu abiria mmoja tu. Pikipiki iliyopinda fremu baada ya kubeba watu wanne na magunia mawili haina mtetezi. Sababu ya tatu ni kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa. Injini ikifunguliwa chini ya mti, hata kama fundi ni hodari, itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba kasoro ilitoka kiwandani.

SIKU YA KASORO: LA KUFANYA

Kasoro ikionekana, mambo haya yafuatwe kwa mpango.

Kwanza, pikipiki isimamishwe. Kuendelea kuipanda huongeza ubovu, huhatarisha maisha, na humpa muuzaji neno la kusema kwamba mnunuzi ameridhika nayo. Namba ya kilomita iandikwe, na picha zipigwe kwa simu: kipimo cha kilomita, moshi, ufa, oili inayovuja.

Pili, muuzaji aarifiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo au ya pili yake. Kumpigia simu ni vizuri, lakini simu haina ushahidi wa kutosha. Barua iandikwe kwa nakala mbili, na moja ipigwe muhuri wa kupokelewa dukani. Isiwe ya matusi. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja. Salaam. Tarehe fulani nilinunua katika duka lako pikipiki mpya, namba ya fremu fulani na namba ya injini fulani, kwa shilingi kadha wa kadha. Nakala ya risiti ninaiambatanisha. Nilikueleza kwamba ni ya kuchukulia maziwa. Leo, ikiwa imekwenda kilomita 620, injini inatoa moshi wa buluu na kupunguza oili. Pikipiki hii haina ubora unaotakiwa na sheria. Kwa hiyo ninaikataa, na ninaomba nirudishiwe fedha zangu ndani ya siku kumi na nne. Pikipiki nimeisimamisha nyumbani, nawe waweza kuja kuichukua. Ukitaka kwanza kuikagua, ninakubali ikaguliwe mbele yangu, bila ya kuacha haki yangu ya kuikataa. Wako mtiifu."

Maneno ya mwisho katika barua hiyo yana maana. Mara nyingi muuzaji atasema, "Ilete tuitengeneze." Si vibaya kukubali, lakini akubaliye kimya aweza kuambiwa baadaye kwamba aliikubali pikipiki. Kwa hiyo aandike kwamba anaruhusu matengenezo bila ya kuacha haki zake, na ataje siku ya mwisho. Tena sheria haimlazimishi aliyeikataa bidhaa kuisafirisha mpaka dukani, ila kama walipatana hivyo. Yatosha kumwarifu muuzaji kwamba ameikataa.

Tatu, daftari lifunguliwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila safari ya gereji iandikwe: siku ya kupeleka, siku ya kurudishiwa, kazi iliyofanywa, jina la fundi. Karatasi ya kazi iombwe kila mara. Pikipiki iliyoingia gereji mara nne kwa ugonjwa ule ule ni ushahidi unaojisemea wenyewe.

Nne, hasara ziandikwe pamoja na risiti zake. Mahakama za Kenya huagiza kwamba hasara ya fedha itajwe waziwazi katika madai na kuthibitishwa kabisa. Haitoshi kusema, "Nilikuwa nikipata elfu moja kila siku." Risiti za kituo cha maziwa, kumbukumbu za malipo ya simu, na risiti za kukodi chombo kingine ndizo zitakazosema. Na ni lazima hasara iwe ya namna ambayo muuzaji angeweza kuidhania siku ya kuuza. Kanuni hiyo ilitoka katika kesi mashuhuri ya mwaka wa 1854, ya kinu cha Gloucester, Uingereza. Mhimili wa kinu ulivunjika, mchukuzi akachelewa kuupeleka kwa mafundi, na wenye kinu wakadai faida waliyokosa. Hawakuipata, kwa sababu mahakama iliona kwamba mchukuzi hakuwa na njia ya kujua kuwa kinu kizima kingesimama. Hapa tena yaonekana faida ya kumweleza muuzaji mapema kazi ya pikipiki.

MAHALI PA KUPELEKA MADAI

Muuzaji akikaa kimya au akikataa, mnunuzi na aiandikie kampuni iliyoleta pikipiki nchini, akiambatanisha nakala za barua zote. Kampuni kubwa huogopa jina lake kuharibika kuliko duka dogo la sokoni, na mashauri mengi huishia hapo.

Ikiwa kasoro yahusu viwango au usalama, kama breki zisizoshika au fremu zinazokatika, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, laweza kupelekewa malalamiko. Ikiwa muuzaji alidanganya, kwa mfano aliuza pikipiki iliyokwisha kutumiwa kwa jina la mpya, au alitaja nguvu za injini zisizokuwapo, Mamlaka ya Ushindani ina kazi ya kuchunguza mambo kama hayo chini ya sheria ya mwaka wa 2010.

Lakini mwenye kutaka fedha zake, mahali pake hasa ni Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hii iliwekwa na sheria ya mwaka wa 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Baadaye nyingine zikafunguliwa katika miji kama Mombasa, Nakuru na Eldoret. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mkataba wa kuuziana bidhaa umo katika kazi zake. Bei ya pikipiki ya kawaida, pamoja na hasara zake, huingia humo bila taabu. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, kanuni za ushahidi si ngumu kama katika mahakama nyingine, na sheria yaagiza shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kwa mtu wa kawaida huu ni msaada mkubwa, maana zamani gharama ya wakili na miaka ya kungoja viliweza kuipita bei ya chombo chenyewe.

Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, na wa madai ya majeraha yaliyoletwa na uzembe ni miaka mitatu. Lakini asidanganyike mtu kwa miaka sita hiyo. Huo ni muda wa kwenda mahakamani tu. Haki ya kuikataa pikipiki haingoji hata miezi sita.

PIKIPIKI YA MKOPO

Wengi hawanunui kwa fedha taslimu. Katika ununuzi wa kukodi chini ya Sura ya 507, pikipiki hubaki mali ya kampuni mpaka malipo yaishe, na sheria yaweka juu ya kampuni hiyo ahadi za ubora kama zile za muuzaji. Tena mnunuzi akiwa amekwisha kulipa theluthi mbili ya bei, kampuni haiwezi kumnyang'anya bila kwenda mahakamani. Mkopo wa kawaida ni jambo jingine. Hapo mkopeshaji ametoa fedha, na duka limetoa pikipiki. Kasoro ni ya duka, lakini deni laendelea. Anayeacha kulipa kwa hasira huweza kuchukuliwa chombo chake pamoja na ushahidi wake. Yafaa amwandikie mkopeshaji mara moja, amweleze kasoro na kuomba nafasi, huku akiendelea kulidai duka.

KASORO ILETAYO DAMU

Liko jambo zito kuliko fedha. Breki ikikatika kwa kosa la kiwanda, aumiaye aweza kuwa abiria ambaye hakununua chochote. Zamani ilidhaniwa kwamba asiye na mkataba hana dai. Mwaka wa 1932 mashauri ya mwanamke mmoja wa Uskoti yalibadili fikira hiyo. Rafiki yake alimnunulia kinywaji cha tangawizi katika chupa isiyopenya mwanga, naye akanywa, kisha mabaki ya konokono yakatoka chupani. Majaji wakuu wa Uingereza walisema kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayekitumia kitu chake. Kanuni hiyo hufuatwa hata Kenya. Abiria aliyevunjika mguu, au mpita njia aliyegongwa, aweza kumshtaki mtengenezaji akithibitisha uzembe. Kwa hiyo baada ya ajali ya namna hii, pikipiki isitengenezwe wala vipande visitupwe kabla ya kukaguliwa na mtu mwenye ujuzi, maana kipande cha breki kilichokatika ndicho shahidi wa kwanza.

Mnunuzi asiyekwenda shule sana asiogope mambo haya. Karani wa kijiji, mwalimu au mtoto wake wa sekondari aweza kumwandikia barua ile kwa nusu saa. Risiti na kijitabu viwekwe pamoja mahali pakavu, na makubaliano na muuzaji yaandikwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Pikipiki ikionyesha ubovu isimamishwe siku hiyo hiyo, na barua ifike dukani kabla ya jua la pili kutua.